Mizinga ya 1893, Pamba ya 1917

Kila tukiomba makala juu ya Kasongo na Kabambare, tunaletewa Tippu Tip, mfanyabiashara wa watumwa na pembe za ndovu. Nyuma yake wanafuatana Sefu mwanawe, Rumaliza mshirika wake na Dhanis, kamanda wa Wabelgiji, hadi Kasongo inaanguka Aprili 1893. Kisha kimya, kana kwamba watu wa Maniema ya kusini walikaa kitako wakiusubiri uasi wa Simba wa 1964. Mimi nimechoka, na toleo hili limepangwa na mtu aliyechoka.

Vita vile vya Wabelgiji na Waarabu vilibadilisha wenye amri kuliko vilivyobadilisha shamba. Ngongo Lutete, aliyekuwa mtu wa Tippu Tip, alihamia upande wa Dhanis pamoja na wapiganaji wake. Septemba 1893 Wabelgiji wakamlipa kwa risasi. Mpunga wa Waungwana, wafuasi Waislamu wa Waarabu, uliendelea kulimwa. Pembe nazo ziliendelea kutoka, ila sasa ziliteremka na mto kuelekea Antwerp badala ya kupita Unguja.

Mkulima alibanwa hasa mwaka 1917. Sheria ya Februari mwaka huo iliruhusu serikali kumlazimisha kulima mazao iliyoyachagua yenyewe, hadi siku 60 kwa mwaka, na Maniema ilikuwa kati ya sehemu za kwanza kuonja pamba. Edmond Leplae, mkuu wa kilimo wa koloni la Kongo, alikuwa amevutiwa na walichofanya Waholanzi huko Java. Mwaka 1921 kampuni zikagawiwa maeneo: pamba yako, mnunuzi mmoja, bei yake yeye. Mwaka 1942, vita vya Ulaya vikipamba moto, siku zikapandishwa hadi 120.

Simsafishi Tippu Tip. Aliyefungwa mnyororo hahitaji mizani yangu. Nasema tu kwamba biashara yake ilidai wenye bunduki wafike kijijini kila mara. Pamba ilikuwa na kodi ya fedha taslimu nyuma yake, na fedha hiyo ilipatikana penye mizani ya kampuni. Mtu alijipeleka mwenyewe, mzigo kichwani.

Mwandishi wetu wa Kabambare hakubali. Kwake, askari waasi walioliteka boma la Kabambare mwaka 1898 ndio waliotikisa dola la Leopold, mfalme wa Ubelgiji. Nimempa kurasa nyingi kuliko nilivyokusudia. Makala ya dhahabu ya Namoya ni fupi na safi; ile ya vyuo vya Kurani isomwe polepole. Ya pamba ndiyo inayotangulia. Mpangilio ni wangu, na barua za hasira ziandikwe kwangu.