Kobayi wa watoto: majani mabichi, upele, na dawa zenye kuua

Mwezi huu tunaacha kuku kando kidogo. Tuzungumuze juu ya kobayi, ule munyama mudogo mwenye masikio mafupi na asiye na mukia, ambaye wamoja wanamuita simbilisi. Mu kambi na mu cité, baba ananunua wawili, dume na jike, anawaweka mu kasanduku nyuma ya jikoni. Watoto wanawapatia majina, wanawabeba kifuani kama mutoto muchanga. Kisha miezi ine ao mitano, mutoto anaamuka asubui na kumukuta mumoja amekauka. Juma lingine, wa pili. Halafu maneno inaanza mu lupango: ni jirani, ni jicho baya, ni hewa.

Hapana. Usigombane na jirani yako. Wengi wanakufa juu ya kukosa kitu kimoja mu chakula, ao juu ya wadudu, ao (na hii inaumiza zaidi) juu ya dawa tuliyowapatia sisi wenyewe kwa moyo muzuri.

Tuanze na chakula. Mbuzi, mbwa, kuku na hata sungura wanajitengenezea vitamini C mu mwili wao. Kobayi hawezi. Kwa jambo hilo anafanana na mutu: lazima ile vitamini ipite kinywani, kila siku, juu mwili wake hauweke akiba ya muda murefu. Akikosa kabisa, inatosha majuma mawili hivi na alama zinaanza kuonekana.

Kwao ni ku milima ya Andes, huko Peru na Bolivia, ambako watu wanamufuga tangu maelfu ya miaka, na kule anakula majani mabichi. Sisi tunamupatia nini? Wakati wa mvua hakuna shida, majani iko kila pahali, watoto wanakata. Lakini tangu mwezi wa tano mpaka mwezi wa tisa Katanga inakauka, nyasi inageuka manjano, nyingine inaungua. Ndipo tunamutupia pumba ya mahindi, mabaki ya bukari, kipande cha mukate. Anashiba, pengine ananenepa hata, lakini vitamini C ni kama hakuna. Usishangae basi kama kifo kinafika mwezi wa saba ao wa nane, na sisi tunasingizia baridi. Kweli baridi nayo iko na sehemu yake, juu usiku wa mwezi wa saba ku Lubumbashi ao Kolwezi si wa kuchezea. Umuwekee nyasi kavu nyingi na kasanduku kasikopitisha upepo. Lakini usimuweke pembeni ya mbabula: moshi unamuharibu mapafu.

Angalia alama hizi. Anakaa kwa kona moja, manyoya yamesimama. Hataki kutembea, na ukimugusa magoti analia, juu viungo vimevimba. Anakonda. Fizi zinatoka damu, meno inalegea, anaharisha. Kidonda kidogo hakiponi. Jike mwenye mimba ndiye anaanguka wa kwanza, juu anahitaji mara tatu ya wengine.

Hesabu yenyewe si nguvu. Kobayi mukubwa iko na uzito wa gramu 700 mpaka 1 200. Anahitaji karibu miligramu 10 za vitamini C kwa kila kilo, kila siku. Mwenye mimba ao mugonjwa, miligramu 30. Sasa pera, hii tunda watoto wanaangusha kwa mawe, gramu 100 zake ziko na zaidi ya miligramu 200. Ni kusema, kipande kikubwa kama kidole gumba kinatosha kwa siku nzima. Chungwa iko na karibu miligramu 50 tu kwa gramu 100, lakini nayo inasaidia. Wakati mapera imekwisha, umupatie lengalenga, matembele, majani ya kabichi, mbichi na ya siku ile ile. Majani iliyopikwa ao iliyokauka ku jua imepoteza sehemu kubwa ya vitamini yake. Mama, yale maji uliyooshea mboga, usiyamwange ku barabara. Ukiyamwanga kila jioni ku kashamba ka mita mbili nyuma ya nyumba, uko na lengalenga mbichi mpaka mvua irudi, kwa kobayi na kwa chungu chako pia. Ile kazi mutoto wa miaka minane anaiweza.

Si kila jani ni zuri. Majani ya avoka, ya tomati na ya viazi vya kizungu (pomme de terre) iko na sumu kwake. Sombe mbichi vilevile. Na nyasi kavu isikosekane kamwe, hata kama majani mabichi ni mengi, juu meno ya kobayi inakomea maisha yake yote na ni nyasi inayoipunguza.

Wamoja wanauliza kama wanaweza kununua vitamini ku farmasi. Ndiyo, kama majani hakuna kabisa. Unachukua kidonge kimoja cha vitamini C cha miligramu 500, vitamini C peke yake, unakisaga na kukikoroga mu vijiko vidogo kumi vya maji safi. Hiyo ni mililita 50 hivi. Kwa seringi bila sindano, umutie pembeni ya kinywa mililita moja ao mbili, polepole, asipaliwe. Mugonjwa, mililita tatu. Kesho unatengeneza ingine. Usiitie mu maji yake ya kunywa na kuacha siku nzima: mwangaza na hewa vinaiharibu, na kama chombo ni cha shaba, inaharibika mbio zaidi. Sisi watu wa shaba tujue hiyo.

Usimupatie sirupu ya vitamini nyingi iliyobaki ya mutoto. Iko na vitamini D, na ikizidi inamuumiza ndani. Na ile desturi nzuri ya kusaga maganda ya mayai kwa ajili ya kuku, iache kwa kuku. Kobayi akipata kalsiamu nyingi, inafanya mawe mu kibofu, na atakufa akijikamua kukojoa.

Neno moja juu ya pahali pa kukata majani, juu sisi tunakaa karibu na machimbo. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza namna walipima mukojo wa watu wenye kukaa karibu na migodi na viwanda vya Katanga: kobalti ilikuwa nyingi sana, na kwa watoto zaidi kuliko wakubwa. Vumbi na chakula ni njia za ile madini kuingia mwilini. Basi usitume watoto kukata majani pembeni ya barabara ambako makamyo ya madini inapita, wala ku mito ambako wanaosha mawe. Majani ya lupango, uyaoshe pia. Ule kobayi siku moja ataingia mu chungu, tusijidanganye, hata kama leo yuko na jina.

Sasa wadudu. Chawa wa kobayi unawaona kwa macho: ufungue manyoya nyuma ya masikio, wanatembea, na mayai meupe yameshikamana ku nywele. Wanasumbua, lakini upele ndio adui mukubwa. Hiyo inaletwa na kadudu kadogo kasikoonekana, kanachimba mu ngozi sawa muchimbaji ndani ya shimo. Munyama anajikuna mpaka damu, manyoya yanatoka ku mugongo na shingo, ngozi inakuwa nene na magamba. Wakati mwingine ukimugusa tu anaanguka na kutetemeka kama mwenye kifafa. Ndiyo hapa watu wanasema amerogwa. Ni maumivu ya kujikuna tu. Jike anaweza kutupa mimba, na asipotunzwa munyama anakufa.

Namna ya kujikinga haiombe pesa. Kobayi unayemununua ku soko asiingie siku ile ile pamoja na wengine. Akae peke yake majuma matatu, na wewe unamuangalia ngozi. Nyasi ya kulalia uianike ku jua kali mbele ya kuiingiza, na ile ya zamani uiondoe kila siku mbili ao tatu, uichome ao uipeleke shambani. Usiwalaze pamoja na kuku, na uzibe matundu ya panya. Kasanduku ukamwangie maji ya moto na kukaanika, kisha urudishe wanyama wakati kamekauka kabisa. Ukavu huo unasaidia pia kwa kuharisha kwa wadogo walioachishwa ziwa, juu vijidudu vya tumbo vinapenda mavi yenye maji na msongamano.

Kama upele umekwisha kuingia, usimupake mafuta meusi ya gari wala petroli ya taa. Anajilamba, anayameza. Kuko dawa inayoitwa ivermektini, ndugu moja na Mectizan, vile vidonge vya upofu wa mito ambavyo kampuni Merck ilianza kutoa bure mwaka 1987. Inaponya upele wa kobayi vizuri. Lakini chupa ya veterineri ilitengenezwa kwa ajili ya ng’ombe: kipimo cha kobayi wa gramu 800 hakifikie hata tone moja. Ukivuta kwa macho tu, unamuua. Muombe muganga wa wanyama aichanganye na kuipima yeye mwenyewe, arudilie kisha siku kumi hivi juu mayai ya wadudu hayakufa mara ya kwanza, na awatunze wote wa kasanduku siku moja, hata wenye ngozi safi. Umuulize pia ni siku ngapi mutangojea mbele ya kula nyama yao.

Na ile dawa ya moyo muzuri tuliyotaja? Ni ampisilini, amoksisilini, penisilini. Kobayi anakohoa ao anaharisha, baba anafungua kapsuli iliyobaki ya mutoto na kumwanga unga mu maji. Tumbo la kobayi linaishi kwa vijidudu vizuri vinavyosaga majani. Ile dawa inaviua, vibaya vinajaa pahali pao na kutoa sumu, na kisha siku chache munyama amekufa, wakati kikohozi chenyewe pengine kingepona. Kwa mutoto wako ni dawa nzuri kabisa. Kwa kobayi, hata kapsuli nusu, hapana.

Mwisho, angalia mikono ya watoto. Kobayi mwenye alama za mviringo zisizo na manyoya ku pua na karibu na macho, ile si upele, ni ukungu wa ngozi, na unaambukiza mutu. Mutoto anapata duara jekundu lenye kuwasha ku mukono, ku shingo ao ku kichwa. Aoshe mikono kwa sabuni kila mara amemubeba, asilale naye mu blanketi, na kama duara limetokea, umupeleke ku kituo cha afya juma hilo hilo: ku ngozi pomada inatosha mara nyingi, lakini ku kichwa inaomba vidonge vya majuma mengi.