Mitego ya Umeme ya Kujiundia Isiingie Kambini



Msimu wa kuchuma unakaribia, na pamoja na mazungumzo ya majamvi, magunia na ujira wa wachumaji limezuka jambo jipya. Baadhi ya vijana wetu walio hodari wa kufungua redio wanasema waweza kuunda mitego ya umeme ya kuulia mbu, kwa vipuri vya televisheni mbovu na taa zilizokufa. Wanachama kadhaa wamependekeza Chama kitoe fedha ili kila kambi ya wachumaji ipate mtego mmoja. Shauri hilo litaletwa mbele ya mkutano mkuu. Twaona ni wajibu wetu kusema mapema kwamba hatuliungi mkono.

Hatusemi hivyo kwa kuwadharau vijana. Kazi yenyewe ni ya akili. Mtego una taa ya rangi ya zambarau, na mbele yake nyaya zilizopangwa karibu karibu bila ya kugusana. Nyaya hizo hupewa umeme wa kiasi cha volti 2,000. Mdudu akiingia kati yao, mwili wake huwa daraja, umeme ukapita, naye akafa. Umeme wa nyumbani ni volti 230 tu, basi fundi hana budi kuupandisha. Njia moja ni transfoma. Njia nyingine, ambayo ni rahisi zaidi, ni kupanga kapasita na dayodi mfano wa ngazi, kila kipandio kikiongeza volti juu ya kile cha chini yake. Wataalamu John Cockcroft na Ernest Walton walitumia ngazi ya namna hii huko Cambridge mwaka 1932 walipopasua kiini cha atomu.

Lakini tuzitazame hatari zake. Kwanza, ngazi hiyo ikiunganishwa na plagi ya ukutani bila ya transfoma, hapana kitu kinachotenganisha nyaya za mtego na umeme unaotoka nguzoni. Mtu akizigusa huku amesimama pekupeku juu ya udongo wa maji, umeme utampita mwilini kwenda ardhini. Na kambi zetu ndivyo zilivyo: udongo wa maji, watu pekupeku, na watoto wanaolala chini.

Pili, kapasita ni kama mtungi. Ikijaa hubaki imejaa. Ukichomoa plagi, umeme ungalimo ndani, na swichi kuu ya nyumba haiwezi kuukata kwa kuwa hautoki tena nguzoni. Hesabu yake ni hii: kapasita ikiwa kubwa mara 10, kishindo chake ni mara 10, volti zikizidi mara 2, kishindo huwa mara 4. Mtego uliotengenezwa vyema kiwandani huwa na kapasita ndogo, rezista ya kumaliza umeme uliobaki, na wavu wa nje usiopitisha kidole. Kijana anayeokota vipuri hachagui, hutumia alichokipata. Na yule atakayetoa transfoma katika jiko la mikrowevu ajue kuwa ameshika kitu kinachoweza kumwua mara moja.

Haya, tuseme hatari zote zimeondolewa. Je, mbu watakufa? Hapa ndipo shauri hili linapoanguka kabisa. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Delaware, Marekani, walihesabu wadudu waliouawa na mitego ya namna hii, wakatangaza matokeo mwaka 1996. Kati ya wadudu 13,789, waumao walikuwa 31 tu. Wengi walikuwa wadudu wasio na madhara, na 1,868 walikuwa wale wanaokula au kuangamiza wadudu wengine, yaani marafiki wa mkulima. Mbu jike hatafuti taa. Hufuata pumzi zetu, harufu ya jasho na joto la mwili. Tena mbu wa homa ya dengi huuma mchana, wakati ambao taa haina maana.

Wapo watakaosema kwamba raketi za umeme zauzwa madukani na hazijaua mtu kijijini. Ni kweli, na hatumkatazi mtu kununua. Raketi hutumia betri ndogo, na mbu hufa kwa sababu mkono umemfuata, wala si kwa sababu yeye ameifuata taa. Huo si mtego wa kutundika usiku kucha juu ya watu waliolala. Na wengine watasema mtego utawaua kumbikumbi. Utawaua, lakini mchwa wanaotafuna mikarafuu yetu wamo ardhini pamoja na malkia wao, na taa haiwafikii.

Basi twapendekeza hivi. Fedha hizo zinunue vyandarua vyenye dawa kwa kila kambi, ili mchumaji na watoto wake walale salama. Kabla ya msimu, kila mwenye shamba akusanye vifuu, makopo na magurudumu yaliyotupwa, kwa maana humo ndimo mbu wanamozaliana. Na vijana wetu wasivunjwe moyo: Chama kiwatafutie fundi aliyesomea umeme, awafundishe kwa betri ndogo kwanza. Siku moja tutawahitaji wao kutengeneza mashine zetu za kukaushia karafuu.

Wachumaji huacha nyumba zao wakaja kwetu na watoto wao, nao hawaulizi ni nani aliyefunga waya ulio juu ya vichwa vyao. Ni juu yetu kuuliza kwa niaba yao. Tahadhari kabla ya hatari.