Kahawa ya elfu sita

Kimya kilikuwa kirefu, UE zilitubana, wenyewe mnajua. Leo nimerudi na jambo linalonikera kidogo.

Kuna maneno kwenye vimbweta eti mabinti wa Mlimani siku hizi tunamalizia bumu kwenye lile duka la keki na kahawa lililofunguliwa Sinza. Eti tunaiga Wazungu, kwani kahawa si ipo kijiweni bei ya kutupa? Wanaoongea sana ni kina kaka. Mimi nimeshaenda mara tatu, kwa hiyo na mimi nina la kusema.

Tuanze na bei, maana hapo wana hoja. Kapuchino elfu sita, kipande cha keki elfu tano. Bumu tangu mwaka wa masomo 2022/23 ni shilingi 10,000 kwa siku. Yaani ukiagiza vyote viwili umeshakula bumu la siku nzima na bado unadaiwa buku! Na keki zenyewe krimu nyingi mno. Ya chokoleti afadhali, ya karoti kavu mpaka unaishushia na maji. Hapo sitetei.

Lakini hili la kijiwe mbona hamlimalizii? Nani kati yenu amewahi kumwona dada amekaa kwenye benchi la kahawa saa moja jioni, anabishana Simba na Yanga huku birika likipita? Mimi nilijaribu. Nikamwamkia muuza kahawa shikamoo, nikaomba kikombe. Mzee mmoja akanyanyuka upesi akanipisha benchi zima, wengine wakanyamaza kama wako msibani. "Kunywa binti yangu, usiharakishe," akaniambia, na alimaanisha. Hakuna aliyenikosea adabu hata kidogo. Ila mjadala ulirudi nilipokuwa nimeshavuka barabara, nikasikia vicheko nyuma yangu. Kahawa yenyewe ilikuwa chungu inavyotakiwa, na kashata ya karanga pembeni. Kwa ladha inaipita mbali ile ya povu. Lakini peke yangu sirudi.

Kule dukani nikiingia hakuna anayenyamaza. Nakaa na desa langu masaa matatu kwa kikombe kimoja, pa kuchajia papo, waifai ipo, mhudumu anapita anauliza tu, "Dada, nikuongezee maji?" Ile elfu sita naihesabu kodi ya kiti. Kina kaka kiti wanapewa bure juu ya kikombe cha bei chee, ndiyo maana wanaona tunafuja.

Na hili la kuiga Wazungu, kha! Mimi wa Bukoba jamani. Kwetu kahawa inachemshwa na majani yanayonukia, inakaushwa, mgeni akishakaa anakaribishwa punje atafune. Bibi yangu anatafuna mpaka leo. Hata hiyo Africafe mnayokoroga hosteli usiku mkipiga msuli inatengenezwa Bukoba hukohuko. Sasa nani kamuiga nani?

Kama kuna wa kulaumiwa kwa kuiga, basi ni ile menyu. Krosanti zipo, donati zipo, kashata hakuna, visheti hakuna, kahawa ya tangawizi ndiyo kabisa. Nilipomuuliza dada wa kaunta akacheka, "Hiyo si ya barabarani?" Wangeweka kikombe kidogo cha buku na kashata mbili, nusu ya Mabibo ingehamia pale. Mwenye duka ukipita hapa, wateja unao, bei ndiyo inayotufukuza.

Jumamosi saa kumi tutakuwa pale mimi na rumeti. Kina kaka karibuni, kila mtu ajilipie. Au tufanye hivi: jioni yake mtupeleke kijiweni, tukae wote benchi moja, tuone kama ubishi wa Simba na Yanga utaendelea.