Kijana Huyu Si Jeuri

Mimi ni mganga wa zahanati ya kijiji huku Mbozi, mkoani Songwe. Sijafika miaka 30, na masomo yangu ya uganga ni ya cheti. Leo sitaandika habari za malaria wala kuhara. Nitaandika habari za kijana ambaye huenda yumo nyumbani mwako.

Siku moja mama mmoja alikuja na mwanawe wa miaka 15. Miguu ya kijana ilikuwa na alama za fimbo. Hakuniamkia. Hakunitazama usoni. Alitazama kalenda ukutani, akasema, "Hii ni ya mwezi uliopita." Nilikasirika. Nilimwambia mama, "Mtoto huyu umemdekeza."

Nilikosea. Mama alinieleza kuwa kijana huyo anajua kwa kichwa bei ya kahawa ya kila msimu tangu alipoanza shule. Lakini hana rafiki. Wenzake wanamcheka. Na zile fimbo? Baba yake alimwambia, "Mbuzi asipopatikana, usirudi nyumbani." Mbuzi hakupatikana. Kijana akalala porini. Asubuhi alichapwa kwa ujeuri. Lakini alikuwa ametii neno kama lilivyosemwa!

Hali hii ni aina ya usonji. Mwaka 1944 daktari mmoja wa Austria, Hans Asperger, aliandika habari za watoto wa namna hii. Walizungumza vizuri na wengine walikuwa na akili nyingi, lakini hawakujua kuchangamana na wenzao. Kwa miaka mingi hali hiyo iliitwa kwa jina lake. Siku hizi waganga wengi huiita usonji tu.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 mtu 1 kati ya kila watu 127 duniani alikuwa na usonji. Tufanye hesabu. Kama na kwetu ni hivyo, kijiji cha watu 2,500 kina watu kama 20. Wako wapi? Wengine tunawaita wajeuri. Wengine tunasema wamerogwa. Wasichana ndio hawatambuliwi kabisa, kwa kuwa wengi wao hukaa kimya na kuiga wenzao.

Usonji hauambukizi. Hauletwi na uchawi, wala na chanjo, wala na mama kulea vibaya. Mtu huzaliwa nao, na mara nyingi umo katika ukoo. Hakuna dawa ya kuuondoa. Basi usiuze ng'ombe wako kumlipa anayekuahidi kuuondoa.

Wakati mgumu zaidi ni wa kubalehe. Alipokuwa mdogo, watu walisema, "Ni mtoto, atakua." Sasa ana ndevu, na kila mtu anamtaka awe na adabu za mtu mzima. Mwili unabadilika, naye hapendi mabadiliko. Vijana wenzake wanasema kwa mafumbo na utani, naye hafahamu mafumbo. Anajua kuwa anachekwa, ila hajui kwa nini. Wengine huingiwa na huzuni kubwa. Kijana akiacha kula, akiacha kulala au akisema anataka kufa, mlete zahanati siku hiyo hiyo.

Kwetu kuna hatari nyingine. Tunduma ni mji wa mpakani. Malori hupanga foleni kwenda Zambia na Kongo. Kijana huyu huamini anachoambiwa. Mtu akimwambia, "Wewe ni rafiki yangu, nivushie mzigo huu," atauvusha, naye hajui kilichomo. Msichana akiambiwa, "Panda gari, nitakupeleka kwenu," anaweza kupanda. Aliyekosa rafiki maisha yake yote hununuliwa kwa neno moja la urafiki.

Sasa tufanye nini? Kwanza, sema naye wazi. Usiseme, "Usinichezee." Sema, "Chota maji ndoo mbili, kisha uje ule." Pili, mweleze mambo ya kubalehe kabla hayajafika: hedhi, ndoto za usiku, na sehemu za mwili ambazo mtu mwingine hana ruhusa kuzigusa. Usione haya, kwa maana yeye hatajifunza kwa kusikiliza wenzake. Tatu, mpe kanuni fupi: "Usibebe mzigo wa mtu kabla ya kuniuliza." Kanuni ataishika. Nne, ratiba ya siku ikibadilika, mwambie mapema. Tano, tumia anachokipenda. Kijana anayependa hesabu, mpe daftari la mauzo ya kahawa ya nyumbani.

Najua mzee mmoja atasema, "Sisi tulichapwa, na tukanyooka." Mzee wangu, nakuheshimu. Lakini fimbo humfundisha anayejua kosa lake. Huyu hajui kosa lake. Atakalojifunza ni kukuogopa, na siku ya hatari hatakimbilia kwako.

Walimu nao wawazuie wanafunzi wanaomdhihaki. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 imekataza ubaguzi na imelinda haki ya kusoma. Kumfungia nyumbani ni kuivunja.

Sisi waganga pia tuna deni. Mzazi akija, tumsikilize mpaka mwisho, kisha tumwandikie barua ya kwenda hospitali ya wilaya, na ikilazimu hospitali ya rufaa iliyoko Mbeya. Nawe mzazi ukija, tueleze kama mtoto huanguka kifafa, maana kifafa huandamana na usonji kwa baadhi ya watu, nacho kina dawa.

Yule mama alirudi baadaye. Nilimwomba radhi mbele ya mwanawe. Kijana hakunitazama usoni. Alitazama ukuta, akaona kalenda imebadilishwa, akasema, "Sasa ni sawa."

Ndugu msomaji, jioni ya leo mtazame upya yule unayemwita jeuri. Kabla hujashika fimbo, jiulize: nilimwambia nini hasa?