Hiyo Plampi Si Snaki Yako

Wiki jana beste yangu alinionyesha video ya jamaa fulani akipiga kelele kuhusu snaki za kupakiwa. Jamaa anasoma nyuma ya pakiti, anafika E322, anashika kichwa: eti tunalishwa kemikali. Tulikuwa tumekaa nje ya duka hapa Lodwar, jua limeshuka kidogo. Beste akakasirika kweli. Akaapa hatanunua tena zile baa za chokoleti na karanga. Na wakati anaapa, mkononi ana plampi. Amekata kona kwa meno, anaifyonza polepole.

Nilicheka. Halafu nikanyamaza, kwa sababu hata mimi nimeila hiyo kitu mara nyingi tu. Kwa hivyo kabla mtu hajaniuliza mimi ni nani wa kuwahubiria, jibu ni hili: mimi ni mmoja wenu, na leo najisema na mimi pia.

Tuanze na kemikali, maana ndiyo mnapenda. E322 ni lesithini. Iko kwenye kiini cha yai, na ile ya viwandani mara nyingi hutoka kwa soya. Kazi yake ni kushikanisha mafuta na vitu vingine visiachane. Haina shida na wewe. Ziko namba ambazo zinafaa kuulizwa maswali. Rangi ya njano E102, kwa mfano: Ulaya tangu 2010, chakula chenye rangi hiyo lazima kibebe onyo kwamba inaweza kuathiri utulivu na umakini wa mtoto. Hiyo soma, tena soma sana kama unanunulia wadogo wako.

Lakini kitu cha kwanza kuangalia si namba. Ni mpangilio. Viambato huandikwa kuanzia kile chenye uzito mkubwa zaidi. Ukiona sukari iko mbele na sirapu ya glukosi inaifuata, hiyo ni peremende imevaa karanga. Shirika la Afya Duniani linasema sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya kalori zako za siku, na ikishuka hadi asilimia 5 ni bora zaidi, yaani kama vijiko 6 vya chai kwa siku nzima. Chai ya asubuhi peke yake, vile tunaitia sukari huku kwetu, imeshamaliza nusu.

Sawa. Sasa geuza plampi uisome vile vile. Karanga, sukari, mafuta ya mimea, unga wa maziwa, vitamini na madini. Na ndiyo, kuna vile vya kushikanisha mafuta, ndugu zake E322. Orodha ya plampi na orodha ya baa ya dukani zinafanana sana. Kwa hivyo msee anayekataa baa juu ya kemikali halafu anafyonza plampi, hajasoma kitu. Na kuna maneno aliyaruka kabisa, yale yanayosema haiuzwi.

Plampi ni Plumpy'Nut, au ile ya kampuni nyingine yenye mchanganyiko kama huo. Ilibuniwa Ufaransa mwaka 1996 na daktari wa watoto André Briend akiwa na Michel Lescanne wa kampuni ya Nutriset. Kabla yake, mtoto mwenye utapiamlo mkali alitibiwa kwa maziwa maalum ya unga, na yale yanataka maji safi, yanataka kuchanganywa vizuri, yanataka mtoto akae hospitali. Sasa fikiria mama wa Lokichar au wa ndani kabisa huko Kibish: maji safi atoe wapi, na wale watoto wengine awaachie nani wiki nzima? Plampi haina maji ndani. Bakteria hawapati nafasi ya kuzaana, haipikwi, mtoto anakula nyumbani. Karanga na sukari na mafuta vimewekwa pale kwa hesabu ya daktari. Hiyo ni dawa. Ladha yake tamu ni ili mtoto aliyepoteza hamu ya kula aikubali, haikuwekwa kwa ajili yetu.

Pakiti moja ni gramu 92, kama kalori 500. Mtoto anayepimwa mkono na ule utepe wa rangi, ikasoma chini ya sentimita 11.5, anaingia kwenye matibabu. Kwa siku anakula kama mbili hadi nne kulingana na uzito wake, wiki sita hadi nane. Katoni moja ina pakiti 150, na kwa kawaida hiyo katoni ni mtoto mmoja kupona. Yaani hakuna pakiti iliyozidi. Ukiona kumi zimepangwa kwa shelfu kando ya biskuti, kuna mtoto mahali siku zake tatu au nne za dawa zimeliwa.

Najua majibu yenu, nimeshayatumia mimi mwenyewe.

Eti mama mwenyewe ndiye ameuza. Kweli, wengine huuza. Lakini mwangalie vizuri. Ana watoto watano na pakiti ni za mmoja. Pakiti chache akiziuza anapata unga wa sufuria moja, wote wale. Kule Kakuma, tangu 2015 watu wamezoea Bamba Chakula kwa simu, na 2025 msaada ukakatwa hadi watu wakaandamana. Mimi siwezi kumtukana mama aliyechagua kati ya watoto wake. Lakini wewe hukuwa unachagua kati ya watoto. Ulikuwa unachagua kati ya plampi na soda.

Eti ni ya gym, ina protini. Buda, soma tena. Zaidi ya nusu ya kalori zake zinatoka kwa mafuta. Protini inachangia kama sehemu moja kati ya kumi. Mayai mawili ya kuchemsha yanakupa protini karibu ile ile, na hakuna mtoto aliyenyang'anywa.

Eti nisiponunua mimi, mwingine atanunua. Huyo mwingine ni nani? Ni sisi. Mtoto anayeumwa hanunui dukani, anapewa kliniki. Wanaonunua plampi kwa duka ni watu wenye afya na pesa kidogo mfukoni. Duka haliweki kitu ambacho hakitoki. Tukiacha, inabaki pale ikikusanya vumbi, na mwenye duka hatanunua tena kutoka kwa yule anayeileta kwa gunia usiku. Maana tusidanganyane, si zote zinatoka kwa akina mama. Kuna zinazotoka zikiwa bado kwa katoni, na katoni nzima haijawahi kubebwa na mama kutoka kliniki. Hao ndio kaunti na mashirika wanapaswa kuwatafuta, na tunapaswa kuwauliza hadharani wamefika wapi.

Na kipindi hiki ndicho kibaya zaidi cha kuzoea. USAID, mmoja wa wanunuzi wakubwa wa hivi vipakiti duniani, ilifungwa 2025. Kinachofika Turkana hakina nafasi ya kuvuja.

Unataka kitu cha kutafuna ukienda shule au ukingoja matatu ya Kakuma? Kuna karanga za kukaanga za mama wa pale kona. Chagua tu zisizo na ukungu. Mnakumbuka 2019 KEBS ilisimamisha siagi kadhaa za karanga nchini kwa sababu ya aflatoksini. Kuna tende. Kuna eengol, matunda ya mkoma ambayo nyanya zetu walitafuna kabla barabara ya lami haijafika. Hata ile baa ya chokoleti yenye E322, kama una hamu, nunua. Angalau hiyo ilitengenezwa iuzwe.

Beste yangu nilimwambia haya yote pale pale nje ya duka. Akaiangalia pakiti, akasema imebaki kidogo tu, wacha amalize. Akamaliza. Lakini jana tulipita tena hapo, akamuuliza mwenye duka kwa nini anauza dawa ya watoto. Mzee hakujibu, alijifanya anapanga sabuni. Mwulizeni na nyinyi, kwa heshima, kila mkipita.