Mkakasi Usiofunguliwa

Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Wahenga waliosema hivyo hawakuwa wanafizikia, lakini walijua kutenganisha mambo mawili ambayo baadhi ya wanafizikia huyachanganya: kupendeza na kuwa kweli.

Mwaka 1976 Daniel Freedman, Sergio Ferrara na Peter van Nieuwenhuizen waliunda nadharia ya supagraviti. Humo, nguvu ya mvutano iangushayo nazi huingizwa katika utaratibu mmoja na chembe za maada, na kila chembe hutakiwa iwe na mwenziwe, kama kina kitakavyo kina. Mwaka 1980, huko Cambridge, Stephen Hawking aliiona kuwa huenda ndiyo nadharia ya mwisho. Mwaka 2019 waasisi wake walitunukiwa dola milioni 3. Wenzi wenyewe hajaonekana hata mmoja.

Watetezi hujibu kwamba hesabu zake hazina ila. Udhaifu wa jawabu hilo mpenzi wa ushairi anaujua. Shairi laweza kutimiza vina, kila mshororo mizani kumi na sita, likamsifu bahili kwa ukarimu. Vina havimfanyi bahili kuwa karimu.

Mtambo wa CERN, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, una mzingo wa kilomita 27. Mwaka 2022 ulifikia nishati ya elektronivolti trilioni 13.6. Nguvu za maumbile hudhaniwa kuungana kwenye nishati inayoizidi hiyo kwa mamia ya mabilioni ya mara. Nao wenzi, waliotarajiwa karibu, kila wasipoonekana husogezwa juu zaidi, mithili ya mdeni ambaye kila akidaiwa hutaja mwezi ujao.

Je, vitabu vifungwe? La. Huko Japani, chini ya mlima, tani 50,000 za maji zimelindwa tangu 1996, watu wakingoja protoni moja ioze, kama nadharia za muungano zinavyobashiri. Haijaonekana. Subira ya aina hiyo ndiyo iliyouangusha mpango sahili wa Howard Georgi na Sheldon Glashow wa mwaka 1974. Mpango ule ulikuwa mzuri pia, lakini ulikubali kuulizwa, na maji yakajibu.

Supagraviti huenda ikawa kweli. Hata hivyo, mkakasi usiofunguliwa husifiwa nakshi zake tu. Hauuzwi kwa bei ya kilichomo ndani.