Tumechoka na Majoka

Fasihi yetu humhukumu kiongozi kabla hajatamka neno. Katika Kusadikika, Shaaban Robert alimwita waziri Majivuno. Zaidi ya miaka 60 baadaye, Pauline Kea, katika tamthilia ya Kigogo, akamwita mtawala wa Sagamoyo Majoka. Chini ya mkoloni fumbo lilikuwa ngao ya mwandishi. Leo limekuwa mazoea, na jina likishatoa hukumu, msomaji hana la kupima.

Simtetei dhalimu. Nasema mhusika bapa ndiye anayemtetea. Mwanafunzi aliyefunzwa kwamba udhalimu una meno na magamba hatautambua ukimjia kwa kauli ya upole na faili la kutia saini. Kesho mwanafunzi huyo ndiye ofisa wa ardhi: atajilinganisha na joka, ajione malaika.

Itazameni Kigogo yenyewe. Majoka hatawali peke yake. Pembeni yake yupo Kenga, mshauri. Akina Kenga ndio waliojaa maofisini, lakini maswali yetu ya mitihani yalimng'ang'ania Majoka. Naye mkombozi asiye na doa hutuzoesha kumngoja mtu badala ya kujenga taasisi.

Waandishi, tupeni kiongozi anayewapenda wanawe, anayesali, aliyeingia madarakani kwa nia njema. Kisha tuonesheni saini yake ya kwanza aliyoitia akijua ni dhuluma. Hapo msomaji atautazama mkono wake mwenyewe.